Mti Wenye Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto niliamini kichochoro chetu cha Guangzhou, jirani na mtaa wa Dengfeng, kina serikali mbili: ofisi moja ya mambo ya mazingira, ambayo jina lake lilikuwa refu kuliko mlango wake, na pepo wa mti, ambaye hakuwa na hata karani.

Mti wenyewe ulikuwa wa ukoo wa mkuyu, mizizi ikining'inia kama ndevu. Bibi, aliyeletwa kutoka Pangani kunilea huku mama akihangaika na biashara ya kusafirisha mizigo, aliutazama mara moja tu akasema, "Huu una mwenyewe." Jirani yetu Bibi Chen alikuwa akiuchomea vijiti vya udi kila mwezi ukiandama. Wakaelewana bila mkalimani.

Kisha ofisi ikaleta mpango wa kijani. Mti ukatwe, maana mizizi yake inapasua njia. Badala yake ipandwe miche arobaini. Sisi watoto tukapewa makoleo, tukapigwa picha. Mche wangu niliuchomeka kwenye tundu la zege lililotosha sufuria.

"Bibi, tumepanda arobaini!"

"Nani ataimwagilia?"

"Ofisi."

"Basi umezika, mjukuu wangu, hukupanda. Na huu mkubwa wakiukata, jua litatukaanga humu ndani."

Nililia. Siku ya msumeno Bibi alishuka na chetezo cha ubani, akafunga kaniki kwenye shina. Bibi Chen akafunga kitambaa chekundu juu yake. Fundi akaviona, akaweka msumeno chini. Ofisa akamwonyesha karatasi yenye muhuri.

"Nimeuona muhuri," fundi akamjibu kwa Kichina. "Haya, kata wewe."

Ofisa akautazama mti, akaitazama karatasi, akaenda kutafuta fomu ya mambo ya pepo. Nadhani bado anaitafuta.

Kufikia msimu wa joto kali, miche thelathini na tisa ilikuwa kuni. Wangu ulipona, kwa sababu kila asubuhi niliushushia ndoo ya maji, kwa hasira tu, nimwonyeshe Bibi.

Sasa nina ofisi ya mizigo hapo hapo, na mchana wa jua kali wateja wote huhamia chini ya ule mti mkubwa. Mvua kubwa ikinyesha bado tunafurika. Pepo hazibui mitaro. Kwenye shina pamepigiliwa kibao kinachosema ofisi iliuhifadhi mti huu kwa juhudi kubwa. Sibishi.

Mche wangu nao umefika ghorofa ya tatu. Mwaka ule, nilipomwonyesha Bibi jani lake la kwanza jipya, nilitegemea akubali kwamba alikosea. Akaitazama ndoo yangu, akatabasamu.

"Sikukosea. Huo nao sasa una mwenyewe."