Miguu Niliyoiona Nikiwa Chini

Fimbo ya kwanza ilinipata shingoni, ya pili ikavunja kiwiko. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Nilijifunika kichwa kwa mkono wa kulia, mkono niliokuwa nikiandikia mabango ya saluni na maduka Bariadi mjini, nao wakaupura kama mtama. Wanaosema mtu akipigwa hupoteza fahamu haraka hawajawahi kupigwa. Mimi nilikuwa macho, shavu kwenye vumbi, naona miguu yao tu.

Kosa lilikuwa sikio. Baba alinituma nipeleke dume la ng'ombe mnadani. Dume hilo lilitoka Mwamapalala kwa mahari ya dada yangu, kwa hiyo sikio lake lilikuwa na mkato wa ukoo wa shemeji, si wetu. Nje kidogo ya Kasoli, mama mmoja aliyekuwa akivuna pamba akaona alama ngeni, akaona mwanamume anaswaga ng'ombe peke yake asubuhi na mapema, akapiga mwano. Mwano kwetu ni yowe la mwizi wa mifugo. Ukilisikia unaacha jembe, unashika fimbo, unakimbia. Ukifika huulizi. Unapiga, hata mara moja, la sivyo utatozwa mbuzi na kuulizwa uko upande wa nani. Mimi mwenyewe niliwahi kuukimbilia mwano nikampiga mtu ambaye mpaka leo sijui alikuwa nani.

Aliyeniokoa ni baba. Alifika na wanaume wa kijiji chetu, na katikati ya kipigo nikasikia sauti yake: "Acheni! Huyu ng'ombe ni wangu!" Alimtambua ng'ombe kabla hajanitambua mimi.

Hospitali waliukata mkono. Goti la kushoto halikunjiki tena.

Kiangazi kilichofuata niliketi kwenye kigoda mbele ya ukuta wetu, ule unaotazama njia ya kituo cha pamba, nikaanza kuchora kwa mkono wa kushoto, ambao hata kijiko ulikuwa unakishika kwa shida. Masizi, chokaa na udongo mwekundu nilivikoroga kwa maji ya mlenda ili vishike. Brashi ni kijiti nilichokitafuna ncha. Siwezi kusimama muda mrefu, kwa hiyo picha inaishia pale mkono wa mtu aliyeketi unapofika. Inatosha. Nachora miguu na ncha za fimbo. Mvua zikianza zinaiosha yote, na pamba ikianza kupimwa mwaka unaofuata naichora upya.

Watu wanapita na marobota ya pamba kichwani, na waliokuwepo siku ile wanajiona ukutani. Kuna kovu la moto, kuna raba iliyopasuka, kuna kisigino chenye nyufa. Jirani mmoja alinibembeleza: "Chora hata twiga, bwana, wazungu wa Serengeti wanapita hapa." Nikamwambia twiga hakunipiga. Mwingine alikuja na jembe akakwangua mguu wake ukutani. Nikauchora tena, mkubwa mara mbili.

Lakini miaka yote hiyo kuna miguu niliyoiacha. Mguu wa kulia wa baba hauna kidole kidogo, plau ilikikata. Niliuona mguu huo ukikanyaga vumbi mbele ya uso wangu, fimbo ikashuka juu ya kiwiko kilichokwisha kuvunjika, ndipo kile kilio chake kwamba ng'ombe ni wake kikafuata. Na baba amekuwa akiwaambia wageni, nikiwa nimekaa hapo hapo, kwamba alipofika watu walikuwa wameshamaliza kunipiga. Mama alikufa akiamini hivyo. Fimbo nilikuwa nimeshaisamehe. Uongo ule ulinifanya nimchukie. Nilitaka aseme mwenyewe kwamba alinipiga. Sikutaka kingine.

Msimu huu nikamchora katikati kabisa. Mguu wa kulia mbele, vidole vinne.

Baba alirudi kutoka shambani jioni, akasimama mbele ya ukuta, jembe begani. Nikakamata kopo la masizi. Nilikuwa nimeapa kwamba akikana tu, kopo linamwishia usoni.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, kama alivyokuwa akiniita nilipokuwa mtoto, "hapa umekosea."

"Nimekosea nini, baba? Kwamba hukuwepo?" Nikainua kopo.

"Mguu wa kulia ulikuwa nyuma. Mtu anayepiga kwa nguvu zake zote anatanguliza wa kushoto."

Nilitaka kumrukia, na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja. Nikaweka kopo chini, nikachovya kijiti kwenye chokaa, nikaanza kuufuta ule mguu. Baba akatua jembe, akavua katambuga zake za tairi, akatanguliza mguu wa kushoto kwenye vumbi. Akasimama hivyo mpaka nilipomaliza kumchora.