Shangazi Hampi Mgeni Kisogo

Shangazi yangu, dada wa baba, hutembeza wageni katika kijiji cha kale kilicho juu ya kilima chetu. Milima iko nyuma, bahari mbele, na kukipanda hadi juu, nyumba kwa nyumba, ni ngazi mia tatu na kumi na mbili. Ngazi hizo huzipanda kinyumenyume. Wallahi! Miaka ishirini na sita anaupa mlima mgongo na mgeni uso, mdomo haupumziki, na kisigino chake hakijawahi kukosea jiwe. "Mgeni hapewi kisogo," husema.

Juzi akaja mkaguzi, kijana wa suti na kalamu tatu mfukoni, kuwapima waongozaji. Atakayeshindwa anarudisha kitambulisho cha kazi. Mimi nilimchukia toka getini, sina haja ya kuficha.

"Mama, panda kama watu," akasema. "Ukianguka atajibu nani?"

"Nikigeuka nitasahau maneno, baba."

"Tazama unakokwenda."

Basi akageuka. Lo, maskini! Kisima akakiita lango. Lango akaliita ghala. Nyumba ya mfinyanzi akaipita kimya, kama wamenuniana. Mkaguzi nyuma yake anaandika tu, na mimi nyuma ya mkaguzi nimebeba chupa ya maji na hasira zangu. Nikajua kazi ya Shangazi ndiyo imekwenda hivyo.

Ngazi ya mia mbili, mkaguzi akakaa chini, pwaa! Anahema, jasho linamtiririka, tai imehamia begani. Shangazi hana habari, anapanda huku anaongea na mlima.

"Shangazi!" nikapiga kelele. "Mgeni wako kabaki huku!"

Akashuka mbio, akamnywesha maji, akaketi naye kwenye kizingiti cha nyumba iliyokuwa kando.

"Hapa," akamwambia, "alikaa bwana harusi mmoja, hoi, na bibi harusi yuko juu anangoja. Wakwe wakamwambia, pumzika mwanetu, haraka haraka haina baraka." Akaendelea hivyo, hakukosea hata neno. Kijana akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akapekua karatasi zake. "Hadithi hii ni ya ngazi ya ngapi?"

"Haina ngazi. Naisimulia pale mgeni anapochoka. Sasa nikimpa kisogo, nitajuaje kachoka?"

Kijana akafuta mistari kadhaa, akaandika mmoja, nami nikachungulia bila haya: *Aachwe apande anavyojua.*

Shangazi hakusoma. Alikwishasimama ngazi ya juu yake, uso kwetu.

"Haya baba, inuka," akasema. "Nakuona."