Mapokezi ya Sajenti

Katika kambi moja ya mpakani, mbali kabisa na lami, sajenti aliyekaribia kustaafu alipanga safari yake ya kurudi Samuye kama mtu anayekwenda kuiteka. Kila asubuhi alichora njia mchangani kwa fimbo, mkono wa pili ukipapasa sharubu: lori mpaka mjini, basi mpaka Shinyanga, kisha kuingia kijijini kwa shangwe. Shemeji zake wangepiga ngoma, watoto wangejipanga mstari, mkewe angempokea begi. Askari vijana waliitikia, "Ndiyo, afande!" wakiuma midomo wasicheke, naye akadhani wameguswa.

Siku moja alipanda kichuguu kutafuta mtandao, akampigia mkewe na kuanza kutoa amri kwa sauti iliyofika hadi jikoni mwa kambi.

"Baba Ndaki," mkewe alimkatiza, "siku hiyo tuna mnada wa ng'ombe, hatutakuwepo. Ufunguo utaukuta kwa jirani. Na ukiingia uani usimfokee mbwa, hakujui."

Sajenti aliuliza kwa sauti ndogo ambayo kambi ilikuwa haijawahi kuisikia, "Kumbe tuna mbwa?"

"Tunaye," alijibu mkewe. "Ameshazeeka."