Leso ya Bibi Mkiani mwa Ndege

Haya nimeyaficha miaka mingi, maana hakuna aibu kama ya mtu mzima kuharibu pilau ya watu kwa ndege, na watu wenyewe wawe ni ukoo wake. Lakini tangu Bibi atutoke mwaka jana, kila nikikumbuka siku ile nacheka peke yangu, halafu machozi yananilenga, kwa hivyo bora niseme tu, nanyi mnicheke.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kurusha ndege bila mwalimu kando. Kiwanja kilikuwa kile cha majani nje ya mji wa Kilifi, na ndege ilikuwa ya viti viwili, ya zamani, yenye gurudumu dogo mkiani. Baba ana duka la vitambaa Malindi na alitaka nimrithi, basi akaniwekea sharti: "Nitakuja nione kwa macho yangu. Nikiona mchezo, kesho uko dukani." Tena hakuja peke yake. Alikuja na ukoo mzima kutoka Muyeye, mikeka na masinia ya pilau, na mbele yao Bibi, mamake Baba, kashika chetezo kinafuka udi, maana kwetu mtu haanzi kazi na chombo kabla hakijafukizwa, na ndege (kwa Bibi) ni chombo kama vyombo vingine.

Mwalimu wangu, Kazungu, mtu mpole wa Ganze, alipoona makaa yanasogea kwenye tangi la petroli alitoka mbio.

"Shikamoo, Mama. Samahani sana, lakini moto hapa haufai."

"Marahaba, mwanangu. Basi niache nimfungie mjukuu wangu leso hapo mkiani, jicho la hasidi lisimpate."

Mwalimu akakubali, akaninong'oneza niifungue kabla sijawasha injini, akaenda zake mwisho wa kiwanja kufukuza mbuzi. Bibi akaitoa begani leso yake, kanga nzima, akaizungusha mkiani, fundo juu ya fundo, pale hasa penye usukani wa nyuma, kile kibao kinachogeuza pua ya ndege kushoto na kulia unapokanyaga pedeli mbili za miguuni.

Sasa niifungueje? Bibi kasimama palepale mikono juu anasoma dua, shangazi zangu wanaitikia amina, nami niende nikafundue baraka mbele ya macho yake? Nikajiambia upepo wa pangaboi utaipeperusha wenyewe, nikapanda, na wao waliporudi mikekani nikawasha injini.

Pedeli zilikuwa ngumu (nikasema ni miguu yangu imeingia woga). Nikaongeza moto, ndege ikaanza kukimbia, na ndege hizi injini ikishika nguvu pua huvutika kushoto, nawe hukanyaga kulia kuirudisha, basi nikakanyaga kulia, wapi, nikakanyaga kwa miguu yote miwili mpaka nikainuka kitini, na pua inazidi kwenda kushoto, tukatoka njiani, nikatazama mbele nikaona mikeka, nikaona masinia, nikamwona ami yangu anakimbia na kiatu kimoja. Nikazima injini, nikabana breki. Ndege ikazunguka kwa kishindo, mkia ukaja mbele, na lile gurudumu dogo likatua katikati ya sinia la pilau. Hakuna aliyeumia. Leso ilikuwa bado imefungwa, haijalegea hata kidogo, na kila mtu aliiona.

Nilishuka. Bibi akalishika fundo lake.

"Hukuifungua, mjukuu wangu?"

"Niliona haya, Bibi."

"Haya ya nini? Kwani nani alikwambia uruke nayo? Hiyo ni leso yangu ya kuvaa arusini Ijumaa."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Shangazi zangu walijifunika nyuso kwa mabuibui, na mabega yalikuwa yanacheza kwa kicheko. Baba peke yake hakucheka. Nilijua duka linaningoja, nikaanza hata kuusikia mkasi wake wa kukatia vitambaa. Akamgeukia Mwalimu Kazungu, aliyefika akihema.

"Ilipoanza kwenda kombo, huyu alifanya nini?"

"Aliizima injini, mzee. Wengi huona haya kusimama mbele ya watu, wakang'ang'ana kuruka. Hapo ndipo wanapokufa."

Baba alilitazama lile sinia, akanitazama mimi, akavuta pumzi. "Utajaribu tena Jumamosi ijayo," akasema. "Pilau tutaiacha nyumbani."

Siku hizi napeleka wageni Lamu na kurudi, na nimeapa sikai kwenye kiti cha rubani kabla sijausukuma usukani wa nyuma kwa mikono yangu, kushoto na kulia, hata kama anayeningoja ni waziri. Wala hakuna wa kwetu anayeruhusiwa kuugusa mkia, si mama, si shangazi. Lakini Bibi angerudi leo, ningemwacha afunge mafundo yake yote, nimbusu mkono, kisha niifungue leso mbele ya macho yake. Akinuna, anune. Tungepatana nikishatua.