Minazi Kumi na Mmoja Isiyomo Kwenye Hati

Saa moja u nusu asubuhi, Bwana Mcha Makungu anafungua dirisha la ofisi ya hati, Mji Mkongwe, na kuhesabu majalada mezani. Jana yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Leo ni mia mbili na ishirini. Yanazaana, anasema, kama paka wa soko la Darajani.

Ofisi hii ilikuwa na wanasheria wawili na makarani wanne. Tangu mwaka 1964 wameondoka mmoja mmoja, na sasa, mwaka 1970, amebaki yeye, karani aliyejifunza sheria kwa kunakili makosa ya wakubwa wake.

Jumatano hii wa kwanza kuingia ni Bi Tabia wa Mtoni. Anaitika shikamoo kwa ufupi, kisha anatandaza hati ya nyumba aliyoinunua kwa Mzee Sheha mwezi uliopita. Hati inataja kuta, paa na kisima. Minazi ya uani haimo. Na Unguja mnazi una mwenyewe hata ukiwa uani kwa mtu; usipotajwa kwenye hati, haukuuzwa.

"Nyumba nnayo, mwanangu," anasema. "Lakini mpwa wa Mzee Sheha kaja kuangua nazi. Nilipomkataza akanisomea hati yako. Wewe ndiye uliyempa kamba ya kupandia."

Mcha anaisoma mara mbili. Mwandiko ni wake.

"Siku ile niliandika hati tisa, Bi Tabia. Yako ilikuwa ya tisa."

"Mimi nilinunua moja."

Bi Tabia anaongeza lililo baya zaidi: Mzee Sheha ni mgonjwa, na kesho anahamia Pemba kwa bintiye. Bila dole gumba lake kwenye hati ya marekebisho, kesi itaanza, na Bi Tabia hana umri wa kungoja kesi. Mcha anafunga ofisi, foleni ikinung'unika, na kupanda baiskeli.

Mtoni, jirani na nyumba iliyouzwa, anamkuta mzee ameketi juu ya godoro lililofungwa. Mpwa wake, Hasan, anashikilia kuwa mjomba aliuza nyumba tu. Mzee anachukua bakora, anazunguka uani kwa Bi Tabia akiugonga mnazi mmoja mmoja, Mcha akihesabu nyuma yake. Inafika kumi na mmoja.

"Nimemuuzia mtu mzima pahala pa kukaa," anamwambia mpwa wake. "Akae akutazame wewe ukila nazi?"

Mcha anaiandika idadi hiyo kwenye hati ya marekebisho, kisha mzee anatia dole.

Ofisini, mkubwa wake wa idara amepita na kuacha barua: nani aliruhusu mlango ufungwe? Mcha anajibu kwa maandishi kwamba kosa lilikuwa lake. Chini yake anaomba karani wa pili, kwa mara ya nne. Mara tatu za mwanzo aliambiwa asubiri.

Wakimpa au wakimnyima, kuanzia Jumatatu hataandika hati ya nyumba yoyote kabla ya kwenda kusimama uani mwa nyumba hiyo. Akiulizwa mlima wa mezani atauacha kwa nani, anacheka.

"Majalada yatanisubiri," anasema. "Muuzaji akishavuka kwenda Pemba, hanisubiri."