Shosho alikataa kulitaja jina la mtoto wa dada yangu

Wakuu, natumai mko salama. Hii sikuambiwa na mtu, nilikuwa ndani ya hicho chumba. Siongezi chumvi, na mwenyewe bado haijaniingia.

Dada yangu Wambui alijifungua mtoto wa kiume. Kwetu first born wa kiume huchukua jina la baba ya mume. Huyo baba anaitwa Mbugua, na yeye alirithi jina la babu yake.

Hapo ndipo shida ilipo.

Huyo Mbugua wa kwanza alikuwa ngati huku Ruiru miaka ya hamsini, yaani askari wa kijiji aliyepewa bunduki na mzungu awawinde waliokula kiapo cha kupigania uhuru msituni. Tumekua tukiambiwa ndiye aliyemuuza baba ya shosho, nyanya yetu. Mzee alipakiwa kwa lori, akapelekwa Thika, hakurudi.

Wambui alimleta mtoto Gatongora, kwa shosho, abarikiwe. Shosho akamwita "huyu mgeni". Hakumgusa.

"Usipomshika leo, shosho, sitamleta tena," Wambui akasema, akatoka nje na wengine.

Nikabaki. Mimi nina degree na mdomo. Nikamuuliza alijuaje kwamba ni Mbugua.

(Kwa wasiojua: msaliti alivishwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akikuinamia kichwa, umeenda.)

"Gunia linafunika uso," nikamwambia. "Mtu yeyote angekuwa ndani."

"Halifuniki miguu."

"Kwa hivyo uliona miguu ya Mbugua?"

"Mbugua alikuwa amesimama kando na bunduki. Umesoma, lakini husikizi."

Ilikuwa miguu ya Kariuki, kaka yake shosho mwenyewe. Shosho ndiye aliyekuwa akimtoa funza kwa sindano, alijua kila kovu. Kariuki alikuwa amekamatwa wiki moja kabla. Alama za kiboko zilishuka hadi kwenye vifundo.

Baba yao alipofika mbele, gunia lilikaa kimya muda mrefu. Halafu likainama.

Shosho alifungua mdomo kupiga kelele. Mbugua akamkanyaga mguu, akamnong'oneza: "Ukimtaja, watu wa msituni watamchinja."

Akanyamaza. Kijiji kiliposema ni Mbugua, Mbugua hakukana. Shosho naye akamwacha abebe.

"Kwa hivyo alikuwa mtu mzuri?" nikauliza.

"Alichoma nyumba ya tata, shangazi yangu, na mbuzi wakiwa ndani."

Sasa nimweke wapi mtu kama huyo?

Nikamwomba amweleze Wambui. Akasema Kariuki ana wajukuu, na wao wamekosa nini? Kisha akasema niwaite wote, na mtoto aletwe.

Alimpakata, akamtemea mate kidogo kifuani kama wazee wanavyobariki, akasema polepole, "Mbugua."

Mama akapiga makofi. "Shosho amewasamehe!"

Shosho alikuwa amemwinamia mtoto, na midomo yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtu anayeomba msamaha.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilienda nikitaka kujua sisi tulikuwa upande gani, nikarudi bila upande. Nyumba moja ilikuwa na aliyechukuliwa, aliyemtaja na aliyenyamaza.

Krismasi wajukuu wa Kariuki watakuja, na mama atasimulia tena jinsi Mbugua alivyotuuza. Wambui atakuwa ameketi hapo na mtoto mapajani.

Wakuu, ninyi mngesema, ama mngemwacha marehemu aendelee kubeba?