Meno ya Bibi Ndani ya Kabichi

Bibi yangu hakuwa mtu wa picha. Ukimwelekezea simu alikuwa anageuza uso kama mtu aliyepuliziwa moshi, halafu anakuuliza kama umekosa kazi ya kufanya. Kwa hiyo siku aliyoingia mwenyewe studio kwangu, mjini Lushoto, amevaa kitenge cha kanisani na amejipaka mafuta mpaka paji la uso linang'aa, nilidhani kuna msiba. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti cha picha za pasipoti, akaniambia nitoe ile kamera yangu ya mkanda, isiyojua uongo.

Sababu ilikuwa mdogo wake. Huyo alishuka kutoka kwetu Kwai akiwa msichana, akaenda kuchuma chai Bulwa, akaolewa huko huko, na sasa magoti ya wote wawili yamegoma kusafiri. Wamebaki na simu ya kila Jumapili baada ya ibada, na kwenye simu wamebaki na ubishi mmoja: nani kazeeka zaidi. Jumapili moja mdogo mtu akatamba kwamba meno yake ya mbele bado yote yapo. Bibi akasema na yeye yapo. Mdogo mtu akasema thubutu. Bibi akaahidi kutuma picha, mdogo mtu akacheka. Picha za simu si ushahidi, alisema, maana wajukuu zake wakizichezea kidogo tu hata mbuzi anapata mashavu ya bibi harusi. Kama dada anajiamini, alete picha ya mkanda, ya kusafishwa, kama za zamani.

Jamani, nilifurahi mimi! Miaka yote nimechekwa kwa ajili ya kamera ile, watu wananiuliza kama inatumia mkaa, na leo imeitwa kutoa ushahidi. Nilikuwa na mkanda mmoja tu. Nikafunga mlango wa studio, nikawasha taa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba bibi hawezi kucheka kwa kuamriwa. Nilimfanyia kila kituko. Mwishowe nikaiga sauti ya mdogo wake akitamba kuhusu meno, na bibi akacheka mpaka kitenge kikamvuka begani. Nilipiga mkanda wote, na mimi nikicheka.

Wiki ile ile, nyumbani kwetu Kwai, bibi aliuma hindi la kuchoma. Akatoka jikoni taratibu, jino liko kiganjani. Lilikuwa la mbele kabisa, lile ambalo ubishi wote ulisimama juu yake. Akaniuliza kama ile gundi yangu ya studio inashika mfupa. Nikamwambia haishiki. Tukatazamana, na nadhani tulifikiri jambo moja kwa wakati mmoja: sasa meno yale yote yamekaa pamoja mahali pamoja tu duniani, ndani ya mkanda, na hayawezi kupigwa picha tena.

Tangu siku hiyo bibi akaanza kuongea kiganja kiko mdomoni. Na mimi nikaanza kuugua kwa wasiwasi, kwa sababu mkanda uliokwisha kupigwa ni kitu cha kudekezwa. Haupendi unyevu, haupendi joto, na kabla haujasafishwa picha zake ziko pale lakini hazijashika vizuri. Kwai wakati wa masika ukungu unaingia dirishani bila hodi. Viatu vinaota kuvu chini ya kitanda na chumvi inageuka uji. Lushoto hakuna tena anayesafisha mikanda, ni mpaka Dar, na barabara ya kushuka Mombo ilikuwa imefunikwa na udongo ulioporomoka. Nyumbani hatuna friji.

Basi nikakaanga mchele mkavu, nikauacha upoe, nikaujaza kwenye kopo la maziwa ya unga. Katikati nikafukia mkanda pamoja na vile vifuko vya punjepunje vinavyokuja na viatu vipya. Mchele unanyonya unyevu, vifuko vinanyonya kilichobaki. Nikazungushia utepe wa gundi kwenye kifuniko, nikaliweka kopo stoo, chumba chenye baridi kuliko vyote. Nikamweleza bibi kwa majigambo ya mwalimu mpya: unyevu adui, joto adui. Akatikisa kichwa, akasema ameelewa kabisa, ni kama mbegu.

Siku moja narudi kutoka mjini, naliona kopo langu limeoshwa vizuri, limeinamishwa uani likauke. Kina mama wa kwaya walikuwa wamepita, bibi alisema, na mchele wa nyumbani ulikuwa umekwisha. Aliupika wangu. Ulikuwa mgumu na ulinukia viatu kidogo, lakini wameula wote na wamenisalimia sana. Vifuko alivitupa.

Na mkanda? Bibi akanyoosha kidole juu. Jikoni kwake, juu ya mafiga, kuna kichanja ambako moshi unapita mchana kutwa, na hapo ndipo anapohifadhi maharage ya mbegu, ndani ya kibuyu, yamechanganywa na majivu. Hakuna mdudu, hakuna kuvu, hakuna unyevu unaofika pale. Meno yake aliyatia humo.

"Bibi, nilikwambia yanaogopa joto!"

"Na maharage yanaogopa joto," akasema. "Mwakani yanaota."

Nilikiteremsha kibuyu nikiropoka maneno ambayo hayafai kusemwa mbele ya mtu mzima. Mkanda ulitoka umejaa majivu, una uvuguvugu kama yai lililotagwa sasa hivi. Niliuweka shavuni, nikaanza kulalamika upya, na bibi aliniacha niseme yote. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, kiganja kiko mdomoni, kama yameungua. Hapo hasira zikaniisha. Nikamwambia sijui, na kweli nilikuwa sijui.

Barabara ilipofunguliwa nilipanda basi la kwanza. Joto la Mombo nalijua, ukifika tu sweta linakuwa adhabu, kwa hiyo nilichimba shimo ndani ya kabichi kubwa la bustanini, nikautia mkanda humo, umefungwa kwenye mifuko ya nailoni tabaka kwa tabaka, nikaziba kwa majani yake na kitambaa kibichi. Nikalipakata kabichi mpaka Dar. Kondakta aliniuliza kwa nini nisiliweke chini na mizigo. Nikamwambia ndani yake mna meno ya bibi yangu. Hakuniuliza kitu tena safari nzima.

Fundi wa kusafisha aliupokea mkanda, akaupuliza majivu, akaingia nao chumba cha giza. Nilikaa nje nikila kabichi bichi kwa woga. Aliponiita, mkanda wote ulikuwa umefifia, kijivu kitupu, picha moja baada ya nyingine kama asubuhi za kwetu. Nikawa najiandaa kulia. Ndipo akanionyesha moja. Bibi ameegemeza kichwa nyuma, kitenge kinavuka, ukungu umemzunguka, na meno, ndugu zangu, meno yote yapo kwenye mstari! Nilimkumbatia fundi yule mpaka miwani ikamdondoka. Nikamwomba anitolee mbili.

Wakati wa kurudi moja niliishusha Muheza, akaichukua mjukuu wa mdogo wake. Jumapili ikafika. Bibi akaweka simu kwenye sauti kubwa ili na mimi nisikie ushindi, akakaa wima, kiganja mdomoni, akaanza moja kwa moja kuuliza kama mtu sasa ameamini. Akauliza kama bado yuko hewani.

"Nipo, dada," mdogo wake akasema. "Meno sijayatazama. Nimemwona mama."

Mama yao alifariki bila kupigwa picha hata moja. Hilo nililijua siku zote na sikuwahi kulifikiria. Bibi alininyooshea mkono nimpe nakala yake, ambayo mpaka siku hiyo alikuwa ameitazama mdomo tu. Sasa akatazama paji la uso, macho, shingo. Akaitazama muda mrefu, na mkono wa pili ukateremka kutoka mdomoni bila yeye kujua.

Kule Bulwa sauti ikakiri, kwa aibu kidogo, kwamba na yake ya mbele yalikwishatoka tangu zamani. Wakaanza kucheka wote wawili, mapengo wazi, na mimi nikacheka nao huku najifuta macho.

Simu ilipokatika bibi alikwenda jikoni, akavuta kigoda, akataka kupanda aiweke picha ile kwenye kichanja, pembeni ya kibuyu cha mbegu. Nilitaka kumwambia moshi utaiharibu. Badala yake nikamshikia kigoda.